Mezani kwa Somoe, Chikongola

Korosho zimelipwa juzi. Hemedi
karudi na baga mbili kwenye mfuko wa karatasi
ulioloa mafuta hadi ukaonyesha vidole vyake.
Kazinunua Shangani, kwenye kile kibanda cha vioo
kilichofunguliwa wageni wa gesi walipojaa mji
na kikabaki walipopungua.
"Mama kijacho ale vizuri," kasema.
Na mimi, shemeji yake, ninayepima damu kliniki,
niliyeandika jana, kwa mkono huu, kwenye kadi ya mdogo wangu:
tisa nukta moja,
sikujibu. Nilikuwa na kinu mbele yangu.

Kisamvu hakina haraka na mtu.
Unachuma ncha tu, yale majani yasiyojua jua,
unatwanga mpaka povu la kijani litoke
na bega liombe radhi,
unachemsha sufuria ikiwa wazi, sumu ipae na mvuke.
Ndiyo, sumu. Jani hili si malaika,
likiliwa bichi linaua mbuzi.
Maji ya kwanza unamwaga, unaanza upya,
ndipo uite korosho, zile zilizokataliwa ghalani,
uziponde, uzikamue tui.

Kliniki tuna bango ukutani. Jedwali.
Upande huu mboga, upande ule vyakula vya kununua.
Chuma. Vitamini A. Vitamini C. Nyuzinyuzi. Mafuta. Chumvi.
Mboga inashinda karibu kila mstari,
kama mtoto aliyetungiwa mtihani na shangazi yake.
Nimewasomea wajawazito jedwali hilo, kijiti mkononi,
asubuhi baada ya asubuhi,
na yaliyobaki sikuwaambia:
kwamba chuma cha nyama huingia mwilini bila hodi,
chuma cha jani husimama kizingitini
mpaka ndimu ikishike mkono;
kwamba chai ya rangi, ukiinywa juu ya mlo,
hukirudisha kilikotoka;
kwamba hakuna mstari wa mtwangaji,
wala wa kuni,
wala wa ile saa moja na nusu
ambayo baga haikuniomba.

Somoe kanusa kisamvu, kageuza uso.
Tangu mfungo sita mimba yake haitaki harufu ya majani.
Kaivuta baga, kaifunua taratibu
kama anayesoma barua ya mtu mwingine:
nyama nyembamba, jibini lililonata,
na jani moja la saladi, jeupe, limelala chali
kama shahidi aliyelipwa.
"Na hii nayo mboga?"
Tulicheka mpaka Hemedi akatoka nje.

Kisha akalishika lile jani kwa kucha mbili
akaliweka kwenye kona ya meza.
Akabana pumzi. Akachota kisamvu changu, kijiko kizima,
akakishindilia juu ya nyama,
akaongeza kingine,
akakamulia ndimu nusu, akafunika mkate,
akaubana kwa viganja viwili kama anayefunga sanduku la safari.
Tui likamtiririka hadi kiwikoni.

Sikujua niliandike wapi tendo hilo.
Si upande huu wa bango, si upande ule.
Mkate wa Shangani, korosho za Hemedi,
bega langu, ndimu ya jirani,
na mtoto ambaye hajapewa jina
akisubiri humo ndani chochote kitakachoshuka.

Akala nusu. Akapumzika. Akala iliyobaki.
Akanyoosha mkono kwenye birika la chai
nami nikalisogeza, kidogo, tena kidogo,
mpaka mkono ukakata tamaa ukarudi tumboni.

Hemedi alikuwa mlangoni na baga yake kavu,
kaimega mara moja tu, jicho liko kwenye sufuria.
"Shemeji," kasema, "kimebaki?"

Nikamwonyesha mchi.